Kuichunga Fikra: Hesabu ya Mtu na Nafsi Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamtunukia masikio ya kusikia, macho ya kuona na moyo wa kufahamu, kisha akamjaalia aweze kujitazama mwenyewe kama anavyovitazama vilivyo nje yake. Tunamshukuru, tunamtaka msaada, na tunamwomba atukinge na shari ya nafsi zetu. Tunashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nyinyi mliohudhuria hapa msikitini na nyinyi mnaotusikiliza kwa njia ya redio majumbani na makazini, nakuusieni, na kabla yenu naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kwani Yeye anayajua yanayotoka vinywani mwetu, na anayajua yaliyopita katika nyoyo zetu kabla ya kufika vinywani.

Ndugu Waislamu, ni nadra kumpata mtu miongoni mwetu ambaye hajapatwa na jambo hili. Amesimama katika sala ya Alasiri. Ulimi unasoma, mwili unarukuu na kusujudu, lakini moyo umekwisha kutoka msikitini, uko dukani au shambani. Mara anazindukana na kujiuliza: Hii ni rakaa ya tatu au ya nne? Hebu tulitazame vizuri lililotokea hapo. Muda mchache uliopita akili yake ilikuwa ikienda yenyewe, bila ya msimamizi. Sasa imegeuka na kujitazama, nayo inakiri kuwa haina hakika. Sharia haikumwambia mtu huyu abahatishe. Wala haikumwambia avunje sala yake. Imemwambia ashike lile aliloliyakinisha, yaani tatu, alete ya nne, kisha asujudu sijda mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu.

Jambo hilo ambalo hata watoto wetu wa chuoni wanalifahamu, ndani yake mna mafunzo matatu. La kwanza, mtu kujua kuwa hajui. La pili, kupambanua baina ya yakini na dhana. La tatu, kuchukua hatua ya kurekebisha badala ya kuendelea mbele kama kwamba hapakuwa na kitu. Na hayo matatu ndiyo maudhui ya khutba yetu ya leo: mtu kuitambua fikra yake mwenyewe, jinsi inavyokwenda, inapopata na inapoteleza.

Wataalamu wa elimu ya nafsi katika zama zetu wamelipa jambo hili jina lake na kulifanyia uchunguzi mwingi. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Marekani, John Flavell, alitoa makala iliyopata kuwa mashuhuri, akaeleza kuwa mwanadamu, juu ya kufikiri kwake, anao pia ujuzi juu ya kule kufikiri, na anao uwezo wa kukusimamia na kukuongoza. Lakini zaidi ya miaka 1100 kabla ya makala hiyo aliishi Baghdad mwanachuoni aliyeitwa Al-Harith bin Asad, aliyefariki mwaka 243 wa Hijra, sawa na mwaka 857 wa Miladi. Watu walimpa lakabu ya Al-Muhasibi, kwa jinsi alivyoshughulika na kuihesabu nafsi yake. Baada yake akaja Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111, akatenga kitabu kizima ndani ya Ihyaa kwa ajili ya kuilinda nafsi na kuihesabu. Akaifananisha akili na mfanyabiashara, na nafsi na mshirika wake. Mfanyabiashara mwerevu huwekeana sharti na mshirika wake kabla ya kumkabidhi mali, humwangalia anapofanya kazi, na jioni hukaa naye wakafungua daftari la hesabu.

Makusudio ya hawa na ya wale si mamoja. Wataalamu wa leo aghalabu wanatafuta namna ya mtu kujifunza na kuamua vyema. Maulamaa wetu walitafuta usalama wa mja mbele ya Mola wake. Lakini mlango walioingilia ni mmoja, nao ni kule kutoiamini fikra yoyote kwa sababu tu imetokea ndani ya kichwa changu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, udanganyifu mkubwa wa akili ni huu: kuhisi kuwa unajua kunafanana sana na kujua. Nyumba zao ni jirani na milango yao ni sawasawa. Asiyetazama vizuri huingia ya huyu akidhani ni ya yule.

Mwaka 2006 wataalamu wawili, Roediger na Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mji wa St. Louis, walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi. Kundi moja lilipewa somo likalisoma na kulirudia kwa vipindi vinne mfululizo. Kundi lingine lililisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyosalia likatakiwa kulieleza kwa kichwa bila ya kulitazama. Wale waliosoma na kurudia ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kuwa watalikumbuka. Baada ya juma moja wakaulizwa. Waliorudia kusoma walikumbuka kiasi cha asilimia 40, na waliojitahini walikumbuka kiasi cha asilimia 61. Wepesi wa kusoma jambo ulilokwisha kulizoea uliwaghuri, wakaudhani kuwa ni elimu.

Walimu wetu wa vyuoni walilifahamu hili kwa uzoefu wao. Mtoto akija na kusema, "Mwalimu, nimekwisha hifadhi," mwalimu humwambia afunge msahafu na asome. Hapo ndipo mtoto anapojua alichonacho na asichonacho. Kabla ya msahafu kufungwa, alikuwa na dhana tu.

Na wataalamu wengine wawili, Rozenblit na Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 2002 walieleza jinsi walivyowauliza watu wanaonaje ujuzi wao juu ya vitu vya kila siku, kama vile zipu na kufuli. Wengi walijipa daraja nzuri. Kisha wakatakiwa waeleze kwa maandishi, hatua kwa hatua, kitu kile kinavyofanya kazi. Walipokwisha kueleza, au kushindwa kueleza, wakaulizwa mara ya pili, nao wakaziteremsha daraja zao wenyewe. Ikiwa mtu anaweza kudhani anaijua kufuli anayoifungua kila siku, kumbe haijui, basi ni mara ngapi tunadhani tunaijua nia ya jirani, au siri ya nyumba ya mtu, au hukumu ya Mwenyezi Mungu katika jambo ambalo hatukulisoma?

Ndiyo maana maulamaa wakubwa hawakuona haya kusema "sijui". Imepokewa kuwa Imamu Malik, Imamu wa Madina, aliulizwa masuala 48, na katika 32 kati ya hayo jibu lake lilikuwa kwamba hajui. Mtu aliyekuwa akifuatwa kutoka nchi za mbali alikuwa na mizani ndani ya moyo wake; kila swali alilipima kabla ya kulijibu, na pale mizani ilipomwonyesha kuwa hana kitu, alisema hana kitu.

Na sisi watu wa pwani hii, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, tunao mfano ulio karibu zaidi. Imamu Shafi alikuwa na kauli zake alizozitoa Iraki, ambazo maulamaa huziita kauli za kale. Kisha akahamia Misri mwishoni mwa umri wake, akafia huko mwaka 204 wa Hijra, sawa na 820. Huko Misri aliirudia elimu yake mwenyewe kama mtu anayeikagua kazi ya mwingine, akaziacha kauli nyingi za kale na kutoa kauli mpya. Wala wanafunzi wake nao hawakuifanya kauli mpya kuwa ni pazia la kufunikia macho. Chukueni mfano wa wakati wa Magharibi. Kwa kauli mpya, wakati wake ni mfupi: kiasi cha mtu kutawadha, kujisitiri, kuadhini, kukimu na kusali rakaa tano. Kwa kauli ya kale, unaendelea mpaka wekundu wa mawinguni utoweke. Akaja Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, akazipima dalili na kuipa nguvu kauli ya kale ndani ya Minhaji, kitabu kinachodarsishwa misikitini mwetu. Basi Imamu aliikagua fikra yake, na wafuasi wake wakaukagua ukaguzi wake. Heshima ya yeyote kati yao haikupungua, na umma ukafaidika.

Ndugu Waislamu, msidhani kuwa haya ni mambo ya wanafunzi na maulamaa peke yao. Katika Surat Al-Israa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametukataza kuyafuata tusiyokuwa na ujuzi nayo, na ametujulisha kuwa masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Zingatieni: na moyo pia utaulizwa. Mtu hataulizwa tu, "Ulisema nini?" Ataulizwa pia, "Fikra hiyo uliipata wapi, na kwa nini uliipokea?"

Mnakijua kisa cha uzushi aliozuliwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Walipokuwa wakirejea kutoka katika vita, alibaki nyuma akitafuta kidani chake kilichopotea, na Safwan akamkuta na kumleta juu ya ngamia wake. Wanafiki wakalishika jambo hilo wakalitia uchafu, na maneno yakazagaa Madina kiasi cha mwezi mzima. Ilipoteremka Surat An-Nur kumtakasa, Mwenyezi Mungu aliwalaumu waliolivumisha, na katika aya ya 15 akawasifu kwa sifa ya ajabu: kwamba walikuwa wakiyapokea maneno yale kwa ndimi zao. Mtu kwa desturi hupokea habari kwa masikio. Lakini wao maneno yalitoka katika ulimi wa huyu yakatua juu ya ulimi wa yule, wala hayakupitia mahali pa kupimwa. Na wao wakilihisabu kuwa ni jambo jepesi, hali mbele ya Mwenyezi Mungu ni zito.

Katika kisa hicho hicho mna mtu aliyesalimika, na kusalimika kwake ni darasa. Bibi Zainab binti Jahsh alikuwa mke mwenza wa Bibi Aisha, na katika wake wa Mtume (S.A.W.) yeye ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo. Kama kuna moyo uliokuwa na sababu ya kutaka habari ile iwe kweli, ni moyo wa mke mwenza. Mtume (S.A.W.) akamwuliza. Akajibu kuwa anayalinda masikio yake na macho yake. Hajui juu ya Aisha ila kheri. Dada yake, Hamna, akiona anamtetea, alitumbukia pamoja na walioangamia. Wawili hawa ni wa nyumba moja, na habari waliyoisikia ni moja. Aliyeokoka ni yule aliyejiuliza ameona nini kwa macho yake, na amesikia nini kwa masikio yake, asiiachie nafsi ikamjazia pale palipo patupu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, uvumi wa leo hauhitaji ngamia wala mwezi mzima. Mtu anapokea habari katika simu yake ya mkononi, na kabla hajaimaliza kuisoma, kidole kimekwisha kuwapelekea wengine. Hapo kidole kimekuwa kama zile ndimi.

Na lililo zito kuliko hilo ni hili. Mtu mmoja sokoni anapiga ukelele, "Mwizi!" Anayekimbia huenda ni mwizi kweli, na huenda ni mtu anayewahi gari, na huenda anamkimbia yule yule aliyetaka kumwibia. Lakini watu wanainuka, huyu na jiwe, huyu na rungu, na kwa muda mfupi kuliko wa kusali rakaa mbili, roho imetoka. Kamateni mmoja wao mkamwulize, "Ulimwona akiiba?" Atasema, "Sikumwona." "Basi ulijuaje?" "Watu walisema." "Na hao watu walijuaje?" Hana jibu. Kila mmoja aliiegemea fikra ya mwenzake, na mwenzake aliiegemea yake, na katikati hapakuwa na mtu aliyejua. Na hata kama mtu yule aliiba, ni nani kati yao aliyepewa kazi ya ukadhi? Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Surat Al-Maida kuwa anayeua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote. Mizani ya swali moja, "Nimejuaje?", laiti ingeliletwa pale sokoni, ingelikuwa ni uhai wa mtu.

Kadhalika majumbani. Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi asihukumu baina ya watu wawili hali ana ghadhabu. Hakuna kilichobadilika katika ushahidi wala katika sharia. Kilichobadilika ni hali ya akili inayopima. Na kila mume ni kadhi katika nyumba yake. Wangapi wametamka talaka wakati moyo unachemka, na wakati ule ule wakiona hakika kuwa wamefikiri sawasawa? Asubuhi yake wanabisha hodi kwa masheikh wakitafuta njia ya kurudi. Mtume (S.A.W.) amemwelekeza mwenye ghadhabu akae ikiwa amesimama, na ikiwa haijamwondoka, alale. Mwenye kukaa chini amekwisha kuitambua hali yake, na mwenye kuitambua hali yake amepata nusu ya dawa.

Basi mtu afanye nini? Ajizoeze kuiuliza fikra yake maswali matatu kabla ya kuiacha itoke. La kwanza: Nimejuaje jambo hili, nimeliona, nimeambiwa, au nimelidhani? La pili: Nafsi yangu inataka jibu gani katika jambo hili, kwa chuki, kwa mapenzi au kwa tamaa? La tatu: Ikiwa nimekosea, ni nani atakayeumia, na nitaweza kumrudishia alichopoteza? Na usiku, kabla ya kulala, akumbuke uamuzi mmoja wa mchana wake na kuuhesabu kama Al-Ghazali alivyofananisha. Mmoja unatosha, kwa mwenye kudumu nao.

Na ajue kuwa jicho halijioni lenyewe bila ya kioo. Mtume (S.A.W.) aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne. Abubakar na Umar walikuwapo, wakaona haya kusema. Akainuka mtu aliyekuwa akiitwa Dhul-Yadayn, akamwuliza kama sala imepunguzwa au amesahau. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Aliwauliza watu, nao wakamsadikisha mwenzao, akarudi akaikamilisha sala na kusujudu. Ikiwa kiumbe bora alikubali kukumbushwa na mtu wa kawaida, ni nani katika sisi aliye mkubwa mno hata asikumbushwe na mkewe, au mwanawe, au mfanyakazi wake?

Lakini tahadharini, ndugu zangu, jambo hili lina mpaka. Kuihesabu fikra si kuitesa. Yuko anayetawadha mara tano kwa sababu haamini kuwa ameosha, na yuko anayerudia takbira mpaka imamu anarukuu. Huo ni wasiwasi, nao ni maradhi. Maulamaa wametuwekea kanuni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Aliyetawadha kwa yakini, kisha akashuku kama udhu wake umetenguka, yuko juu ya udhu wake. Mizani hupima mara moja, ikasomwa, kisha mtu akaendelea na safari yake.

Nayasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utuwezeshe kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na utuwezeshe kuiepuka. Tujaalie tuyajue tusiyoyajua, na utuondolee kiburi cha kudhani tunajua. Zilinde ndimi zetu na heshima za watu, na mikono yetu na damu za watu. Wape viongozi wetu na makadhi wetu utulivu wa kupima kabla ya kuhukumu. Wasamehe wazee wetu na walimu wetu waliotufundisha kufunga msahafu na kusoma kwa moyo. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.